Kidau kigumu cha kuhudumia boti ya safari: jinsi ya kukipima, kukijaribu na kukichagua

Wanaohamia kwenye boti ya safari huuliza maswali yale yale: kidau (chombo kidogo cha kwenda ufukweni na kurudi) cha urefu gani, cha mbao au cha faiba, kibebe watu wangapi, mashine ya hosipawa ngapi. Wengi huanza na mashine, ilhali jibu la kwanza liko kwenye sitaha ya boti yako mwenyewe. Kidau kisichokuwa na mahali pa kulala kitaishia kuvutwa nyuma ya boti katika bahari wazi, na huko ndiko vidau hujaa maji, hukata kamba na kupotea. Kwa hiyo tunaanza na futi na mizani. Umbo na malighafi vitafuata.

Kidau kigumu tunachozungumzia ni cha mbao, faiba, plastiki au alumini, chenye urefu wa mita 2.1 hadi 3. Ukikilinganisha na cha mpira, kigumu hupigwa makasia vizuri, huburutwa juu ya mawe na chaza bila kutoboka, na jua halikimalizi upesi. Udhaifu wake ni miwili: huyumba zaidi mtu akikanyaga ukingo, na hakikunjiki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya mita 5, chaki na penseli
- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 50
- Maboksi makubwa au fito nyepesi za kutengenezea kiolezo
- Madumu 8 ya lita 20 (dumu lililojaa maji lina kilo 20 na kidogo juu)
- Bisibisi yenye mpini mgumu, na tochi
- Kamba ya mita 10 na jaketi okozi kwa kila atakayeingia majini

Hatua kwa hatua

1. Andika mzigo wako halisi. Usiandike mzigo wa siku ya matembezi. Andika ule wa siku ya kujaza maji na kununua chakula. Mfano: watu wawili kilo 160, madumu mawili ya maji 42, chakula na mtungi wa gesi 25, mashine 17, mafuta na nanga ndogo na makasia 12. Jumla kilo 256.

Sasa uone kidau kitazama kiasi gani. Zidisha urefu kwa upana, kisha kwa 0.7, upate eneo linalokalia maji kwa makadirio. Kidau cha mita 2.4 kwa 1.2 kinapata mita za mraba 2 hivi, na kwa maji ya chumvi hiyo ni kama kilo 20 kwa kila sentimita moja ya kuzama. Kilo 256 zitakishusha sentimita 13. Ikiwa ubavu wake mtupu unasimama sentimita 38 juu ya maji, umebaki na 25, na hicho ndicho kiwango cha chini tunachoweza kukishauri, tena ndani ya bandari tulivu. Ikibaki 15, mawimbi ya boti inayopita kwa kasi yanatosha kukijaza.

Kwa idadi ya watu, kuna kanuni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani kwa boti ndogo zisizo na kibandiko cha uwezo: urefu kwa upana, vyote kwa futi, ugawe kwa 15. Futi 8 kwa 4 inatoa watu wawili. Kwa mita, gawa kwa 1.4. Watu wanaohesabiwa hapo ni wa kilo 68 hivi na hali ya hewa ni nzuri, kwa hiyo usiichukulie kuwa ruhusa ya kuongeza mtu wa tatu "kwa sababu ni karibu".

2. Pima mahali kitakapolala. Mahali pazuri kuliko pote ni juu ya sitaha, kikiwa kimepinduliwa, mbele ya mlingoti au kati ya mlingoti na chumba cha usukani. Pima urefu na upana, kisha pima kimo: kidau kilichopinduliwa huinuka sentimita 45 hadi 55, na mti wa chini wa tanga pamoja na kamba zake lazima upite juu yake bila kugusa.

Tengeneza kiolezo cha boksi au fito chenye ukubwa kamili wa kidau unachokitamani, kimo chake kikiwemo. Kifunge mahali pake, kisha fanya kazi zote: tupa nanga na uipandishe, shusha tanga la mbele, fungua dirisha la sitaha, tembea kutoka tezi (nyuma ya boti) hadi omo (mbele) bila kuangalia miguu. Keti kwenye usukani uone kama bado unaiona bahari iliyo mbele. Hakikisha hasa mambo haya mawili: chelezo cha uokozi kinafikika bila kukigusa kidau, na dirisha la kutorokea linafunguka kikiwa juu yake. Likikwama, mahali hapo hapafai, hata kama kidau kinaingia bila kubaki hata sentimita.

Kama umekosa mita 2.4 ya wazi, fikiria kidau cha vipande viwili, ambacho nusu ya mbele huingia ndani ya nusu ya nyuma. Kidau cha mita 3 kinaweza kulala mahali pa mita 1.6 hivi. Gharama yake ni uzito wa kuta mbili za katikati, na boliti zinazohitaji mkono uliotulia unapoziunganisha majini.

Mikono ya chuma ya kuning'inizia kidau tezini ni rahisi kwa matumizi ya kila siku bandarini. Kwa safari ndefu hatuipendekezi kwenye boti ndogo: wimbi la nyuma hukipiga kidau kikiwa hewani, na uzito wote uko mwishoni kabisa mwa boti.

3. Weka kikomo cha uzito kabla ya kuona kidau chochote. Jiulize nani atakipandisha, na atakuwa na nani. Kwa mtu mmoja anayetumia henza (kamba ya kupandishia tanga) na winchi, kilo 40 ni kazi ya kawaida. Ikifika 60 unahitaji mtu wa pili wa kukizuia kisigonge mlingoti. Zaidi ya hapo utaanza kukiacha majini kwa uvivu, na huo uvivu ndio unaovipoteza.

Uzito unaoandikwa na muuzaji unaweza kuwa wa ganda tupu, bila viti wala sakafu. Pima mwenyewe. Weka kipande cha mbao chini ya ncha ya omo na kingine chini ya ukingo wa tezi. Inua omo kwa mizani sentimita 2 tu, soma. Shusha, inua tezi palepale penye mbao, soma. Jumlisha. Kwa njia hii mizani ya kilo 50 inapima kidau cha kilo 80 bila taabu.

4. Chagua umbo. Omo bapa, iliyokatwa, hukupa nafasi na uwezo mkubwa wa kubeba kwa urefu mdogo wa sitaha. Omo ya ncha hupasua mawimbi mafupi vizuri na kuwaacha abiria wakavu, lakini sentimita 40 za mwanzo hazibebi kitu. Chini ya mita 2.4, chukua omo bapa. Kuanzia mita 2.7 omo ya ncha inaanza kulipa.

Sehemu ya chini iliyo bapa husimama imara unapoingia na hukaa vizuri ufukweni, ila hupiga maji kwenye mawimbi. Ya mviringo hupigwa makasia kwa wepesi mno, lakini humyumbisha mgeni. Ile yenye kona mbili kila upande ni suluhu nzuri ya katikati, na ndiyo tungeichukua kama hatungeweza kujaribu. Vyovyote vile, tafuta pezi dogo la mbao chini ya tezi. Bila hilo, kidau kifupi huzunguka badala ya kwenda mbele.

5. Chagua malighafi, kisha ikague.

Plaiwudi na epoksi ndiyo nyepesi kuliko zote kwa nguvu iliyo nayo, na inatengenezeka popote. Uliza kama ni plaiwudi ya baharini, yenye muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza. Milimita 6 inatosha kwa kidau cha mita 2.4. Gonga kote kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kavu, iliyooza au iliyoachana hulia butu. Gonga zaidi kuzunguka tundu la kizibo (la kutolea maji), kwenye kona za chini za tezi, na juu ya ubao wa tezi pale mashine inapobana. Maji huingilia kwenye kingo zilizokatwa, mara chache sana katikati ya ubao.

Faiba huvumilia kupuuzwa, lakini ni nzito. Bonyeza ubao wa tezi kwa dole gumba na utikise mashine kama ipo. Mbao iliyo ndani ya faiba ikiwa imelowa, ubao wote huchezacheza. Kisha tikisa kidau kizima usikilize maji ndani ya chemba za hewa. Kikizidi uzito wa kingine cha aina hiyo hiyo kwa kilo 10, yale ni maji.

Plastiki iliyomwagwa kwenye kalibu hugongwa na mawe bila kulalamika. Tatizo ni uzito, na kwamba gundi za kawaida hazishiki. Ufa wake huchomelewa kwa joto. Iliyopauka na kuwa kama unga juu imeshaliwa na jua.

Alumini ni nyepesi na ngumu, ina kelele na hukwaruza ubavu wa boti kubwa. Usiipake rangi ya chini yenye shaba hata siku moja. Shaba na alumini zikikutana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona vishimo kabla msimu haujaisha.

6. Hakikisha kinapigika makasia. Hapa ndipo vidau vingi vya dukani huanguka, kwa sababu vimetengenezwa kwa kudhani mashine haitazimika. Pima umbali kati ya vileti viwili, yaani vishikio vya makasia vilivyo ukingoni. Chukua nusu yake, ongeza sentimita 5, zidisha kwa 25, gawa kwa 7: huo ndio urefu wa kasia. Vileti vilivyoachana sentimita 110 vinataka kasia la mita 2.1 hivi. Vikiachana 120, ni mita 2.3. Makasia ya mita 1.5 yanayotolewa bure pamoja na kidau hayakufikishi popote upepo ukikupinga.

Kileti kiwe kama sentimita 30 nyuma ya ukingo wa kiti ulio upande wa tezi, na juu ya kiti kwa sentimita 18 hivi. Kikiwa chini zaidi, mpini hugonga mapaja unapolitoa kasia majini. Kuwe na vileti jozi mbili: moja kwa mtu akiwa peke yake katikati, nyingine mbele kwa siku kuna abiria tezini. Kila kasia liwe na kishwara au mfungo, maana kasia likichukuliwa na mkondo ukiwa peke yako hutalifuata kwa kasia moja lililobaki. Na makasia yalale ndani ya kidau yakiwa yamefungwa; yakitokeza, tafuta ya vipande viwili.

7. Hesabu hewa itakayokielesha kidau kikijaa maji. Lita moja ya hewa iliyofungiwa hubeba kilo moja hivi. Ganda la faiba la kilo 50 likiwa limejaa maji lina uzito wa kama kilo 17 ndani ya maji. Ongeza mashine kilo 17, ongeza mtu mmoja aliyekaa ndani hadi kiunoni akikumba (akitoa maji kwa ndoo), kilo 45. Unakaribia 80. Tunashauri lita 100 kwa uchache, na 150 kama mnasafiri wawili. Kidau cha mbao hujisaidia chenyewe, lakini mbao haziieleshi mashine.

Mahali pa hewa ni muhimu kama kiasi chake. Iwe juu, kandokando, pamoja na omo na tezi. Hewa yote ikiwa chini ya sakafu, kidau kilichojaa maji hupinduka. Povu likitumika, liwe la vitundu vilivyofungwa. Povu la kawaida hunywa maji taratibu na baada ya miaka linakuwa mzigo.

Jaribio: kwenye maji tulivu ya kufika kiunoni, toa mashine, weka uzito wake tezini, kizamishe kwa kukiinamisha ubavu. Kikielea huku ukingo wote ukiwa juu ya maji na tundu la kizibo likiwa limezibwa, mtu anaweza kukikumba. Ukingo wa upande mmoja ukibaki chini, maji yataingia kwa kasi kuliko ndoo inavyotoa.

8. Chagua mashine mwisho. Kidau kisichoruka juu ya maji kina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake: mita 2.1 kwenye mstari wa maji hukwamia kwenye noti 3.5 hivi (maili za baharini kwa saa). Mashine ya hosipawa 2 hadi 3.5 inakifikisha hapo. Ya hosipawa 6 itazamisha tezi na kuinua omo bila kuongeza mwendo wa maana.

Pima kimo cha ubao wa tezi: sentimita 38 ni kwa mguu mfupi, 51 kwa mrefu. Bamba lililo juu ya propela likae sentimita 2 au 3 chini ya mkuku (uti wa chini wa kidau). Mashine ifungwe kwa kamba au mnyororo mbali na vibano vyake, na kamba ya kuzimia iwe mkononi mwako kila safari.

9. Kijaribu majini na mzigo. Weka madumu kufikia uzito uliouandika, sawasawa mbele na nyuma. Pima kimo kilichobaki mahali palipo chini kabisa. Piga makasia dakika 10, nusu ukiupinga upepo. Acha kupiga: kinaendelea mbele au kinageuka? Ingia kutoka kwenye ngazi ya boti yako, ukikanyaga katikati. Kaa ukingoni, uone kinainama hadi wapi. Kisha ingia majini na upande tena kupitia tezi, ukiwa na jaketi. Ukishindwa kwenye maji tulivu mchana, kitie ngazi ya kamba au kiache.

10. Kagua vifungo. Pete za kuinulia ziwe zimepita ubao kwa boliti, na bamba upande wa pili, skrubu hung'oka. Zinahitajika tatu, moja omoni na mbili tezini, na kamba tatu zikutane kwenye pete moja inayoning'inia mbele kidogo au nyuma kidogo hadi kidau kikae sawa hewani. Pete ya kuvutia iwe chini omoni, karibu na mstari wa maji. Dafrao (kinga ya kugongana) la kamba nene au mpira lizunguke ukingo wote, hata tezi. Hilo si pambo, ndilo linalookoa rangi ya boti yako. Chini kuwe na papi mbili za mbao ngumu za kuburutia, zinazoweza kubadilishwa. Kizibo kifungwe kwa uzi kwenye kidau chenyewe, na cha akiba kikae ndani.

Makosa yanayorudiwa

- Kununua kwa kuangalia urefu tu. Upana ukipungua kutoka mita 1.3 hadi 1.1, uthabiti hupungua sana kuliko sentimita 20 zinavyodokeza.
- Kukivuta baharini kikiwa na mashine na makasia ndani. Toa kila kitu, tumia kamba mbili kwenye vifungo viwili tofauti, na uzifupishe kabla ya kuingia bandarini zisije zikaenda kwenye propela. Kamba inayoelea inafaa zaidi.
- Kukiacha kimening'inia na kizibo ndani. Sentimita 10 za mvua ni karibu kilo 200.
- Kukifunga sitahani kwa kamba moja juu ya mgongo. Funga kwenye pete nne zilizopitishwa sitaha, na uvuke mara mbili.

Kikileta matatizo

*Kinayumba kushoto na kulia kikivutwa.* Pete ya kuvutia iko juu mno au omo ina uzito. Ishushe, sogeza uzito nyuma, kisha refusha kamba hadi kidau kikae kwenye mgongo wa wimbi la pili la boti yako.

*Omo inaelekea angani ukiwa peke yako na mashine.* Weka dumu la maji omoni, au nunua mkono wa kurefusha usukani ukae katikati.

*Kinaenda mshazari ukipiga makasia.* Angalia pezi, halafu mzigo. Tezi ikizama kuliko omo kwa sentimita 2 au 3, hunyooka. Omo ikiwa chini, hakinyooki hata upige vipi.

*Vileti vinalia na kulegea.* Grisi kwenye tundu na kwenye ngozi ya kasia. Tundu likiwa limepanuka, tia bushi mpya ya shaba au nailoni. Kwenye kidau cha alumini tumia nailoni tu.

*Maji yanaonekana ndani na hujui yatokako.* Kitoe majini, kiweke mdomo juu, mwaga maji ndani sentimita 5, kausha nje, subiri. Pale panapolowa nje ndipo penye ufa. Anza na kizibo, kisha mshono wa mkuku, kisha boliti za pete.

*Kinagonga boti usiku mkondo ukipingana na upepo.* Kamba ndefu haisaidii. Kipandishe kwa henza ubavuni, nusu mita juu ya maji, dafrao katikati na kamba moja omoni na moja tezini. Toa kizibo.